Kushoto Kwako, Mtani

Ukifika Somanda, hapa Bariadi mjini, ukauliza kwa fundi pancha Ndaki Maganga, watu watakutazama kwanza, wakune kichwa. Uliza kwa Ndama. Hapo hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole: shika njia hii ya maduka, ukiona kibanda cha gemu chenye pazia la bluu, yule aliyeinamia gurudumu hapo nje ndiye Ndama. Na ukimwita hivyo ataitika. Ameitwa hivyo miaka kumi na moja, angefanyaje.

Mimi jina hilo silipendi, na nitasema lilikotoka, maana wengi wanaolitamka siku ile hata uwanjani hawakuwepo. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado mchanga, ofisi zenyewe zinanuka rangi, na likaandaliwa kombe la timu za kata. Fainali ikawakutanisha Somanda na Mkula, waliotoka kule Busega. Golini kwa Somanda alisimama Ndaki, kijana wa miaka ishirini na sita, mikono mirefu, na maneno yalikuwa yameshaanza kwamba kuna timu ya Mwanza inamtaka. Dakika tisini zikaisha bila bao. Wakaenda kwenye matuta.

Mkwaju wa mwisho wa Mkula aliupiga mshambuliaji wao, Fredrick. Ndaki alikuwa amerudi golini na mpira kifuani, na Fredrick akatembea mpaka golini kuuchukua. Alipoupokea aliinama, akamnong'oneza Ndaki neno sikioni. Wakacheka wote wawili. Uwanja mzima uliwaona. Kisha Fredrick akarudi nyuma, akapiga kushoto kwa kipa, mpira wenyewe wa kutambaa, hata kuku angeuwahi. Ndaki akaruka kulia, akalala na vumbi lake. Kombe likapanda gari kwenda Mkula.

Kufungwa penalti si dhambi, hilo kila mtu analijua. Lakini siku ya nane baada ya fainali, ng'ombe kutoka Mkula waliingia kwa mzee Maganga, baba yake Ndaki. Dada yake Ndaki, Specioza, alikuwa anaolewa huko, na wazee walikuwa wamekubaliana mahari kabla kombe lenyewe halijatangazwa. Walikubaliana ng'ombe kumi na mmoja. Wakaja kumi na mmoja na ndama mmoja mwenye paji jeupe. Sasa ndama anayenyonya utamwacha wapi mama yake akiondoka? Msukuma gani asiyejua hilo? Walijua wote. Lakini watu wakishakuwa na uchungu wa kombe, hata akili ya mifugo inawatoka. Wakasema ng'ombe kumi na mmoja ni wa Specioza, na ndama ni wa penalti. Lisemwalo lipo, wakasema. Timu ya Mwanza ikasikia, ikanyamaza. Somanda wakamwambia apumzike kidogo. Amepumzika mpaka leo.

Ndaki alipoulizwa Fredrick alimnong'oneza nini, alijibu neno moja tu: utani. Na ilikuwa kweli, kwa maana Ndaki na Fredrick ni watani wa ukoo, tangu kwa mababu. Kwa kina Ndaki akifa mtu, Fredrick anaweza kuja msibani akalala mahali pa maiti na kudai apikiwe wali, na hakuna wa kumfukuza. Mtani anasema lolote, anachukua lolote, na wewe huruhusiwi kununa. Mtani hakasirikiwi. Kwa hiyo Ndaki aliharibiwa maisha na mtu ambaye mila haimpi hata nafasi ya kumkasirikia. Utani gani hasa aliambiwa, hilo hakumwambia mtu. Hata Wilhelmina.

Wilhelmina ndiye aliyemwoa katikati ya maneno hayo. Nasema alimwoa, maana kaka zake walikataa, na yeye akafunga nguo zake kwenye kanga akaja. Kanisani wanakwaya walinong'ona, yeye akaimba zaidi. Bombani mwanamke mmoja alimwita mke wa Ndama, na ndoo ya maji ikamwagikia yule mwanamke kichwani. Alikuwa na hoja yake moja, na aliirudia miaka yote hiyo kwa kila mwenye mdomo: kipa hajui mpira unakwenda wapi. Anabahatisha. Mume wangu angejua, angekwenda. Mwisho watu walichoka kubishana naye. Ndaki alipokuwa akimsikia hivyo, alishukuru, na pia kitu kilimchoma, akainamia tyubu yake. Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake. Hata kabla mtoto hajazaliwa alimwita Baba, na baada ya Mboje kuzaliwa, Baba Mboje.

Basi mwaka huu, mwezi wa pili, timu ya vijana ya kata ikatafuta mtu wa kufundisha makipa. Vijana wenyewe ndio waliomtaja Ndaki, kwa kuwa jioni alikuwa akipita uwanjani na kuwaelekeza namna ya kuweka magoti. Katibu wa timu, bwana mmoja anaitwa Method, mtu wa miwani na faili, si mbaya ila muoga wa lawama, alimwita kando. Alimwambia yeye binafsi hana neno, ila wazee wa timu hawatakubali kipa aliyeuza mechi awalee watoto wao. Kisha akampa mlango. Fredrick yu hai, alisema. Aje asimame mbele yetu, aseme mwenyewe kwamba hakumpa ng'ombe. Akishasema, siku inayofuata Ndaki avae filimbi.

Ndaki alirudi kwenye magurudumu yake. Kufundisha makipa. Hakuwa ametamani kitu namna ile tangu ujana.

Utasema, si amwombe tu huyo Fredrick? Ndiyo hapo penye ugumu. Mtani humwombi. Ukimwomba umempa fimbo. Na Ndaki alikuwa ameshajaribu mara mbili kutuma salamu. Mara ya pili jibu lilirudi kwa dereva wa basi, likasemwa kwa sauti stendi nzima isikie: mwambieni kwanza anirudishie ndama wangu. Watu walicheka wiki mbili. Mtani dawa yake ni kumshinda. Ukimshinda analipa, na akilipa halipi nusu, kwa kuwa hapo na yeye anabanwa na mila.

Ndipo Specioza alipokuja kutoka Mkula kumsalimia mama, akaleta habari akiwa hana hili wala lile. Fredrick siku hizi amenenepa, anauza mchele wa Mwamanyili, na ana mashine ya gemu nyumbani. Kila Jumapili akitoka kanisani anakaa na pedi ya kuchezea mkononi. Anajigamba kwamba Busega nzima hakuna kipa wa kudaka penalti yake, wa kwenye nyasi wala wa kwenye TV.

Ndaki alitazama lile pazia la bluu. Miaka minne alikuwa ameziba pancha nje ya kibanda cha gemu cha Limbu, anasikia makelele ya mabao humo ndani kutwa, na hakuwahi kuingia. Aliona ni upuuzi wa watoto. Kesho yake asubuhi, wakati wanafunzi wako shule na kibanda kitupu, alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akainua pazia, akamwambia Limbu amfundishe kuwa kipa.

Limbu alicheka mpaka akakohoa. Lakini asubuhi hana wateja, akampa pedi na kumfungulia sehemu ya penalti tupu. Alimpiga ishirini. Ndaki akafungwa kumi na tisa, na ile moja iligonga mwamba.

Kilichomshinda ni hiki. Kwenye gemu ile picha inatokea nyuma ya mpigaji. Unamwona mpigaji mgongo, na kipa yuko kule mbali anakutazama. Kwa hiyo kushoto kwa kipa ni kulia kwa TV. Mtoto aliyezaliwa na pedi mkononi hata hilo haliwazi, anasukuma kidole anakotaka picha iende. Lakini Ndaki mwili wake ulikuwa umesimama golini miaka kumi. Akiona mpira unakuja kushoto kwa kipa, mkono wake wa kushoto ndio uliotikisika, na kidole gumba kikasukuma kushoto, na kipa wa kwenye TV akaruka upande wa pili kama mwehu. Alifungwa hivyo wiki tatu. Limbu alimwambia, bila ubaya, kwamba huenda Mungu hakumwandikia upande ulio sawa.

Maneno hayo yalimuuma, akanuna siku mbili. Siku ya tatu alikata ukanda mwembamba wa tyubu, akaufunga kidole gumba cha kushoto, akajiambia: wewe si kipa, wewe uko nyuma ya Fredrick. Mtazame yule kipa kama adui. Alianza kudaka hapo. Kwanza mbili katika kumi, halafu nne. Alijifunza kutobonyeza mapema, kwa sababu presha ndiyo inayomuua kipa, uwanjani na kwenye pedi vilevile. Alijifunza kutazama mguu wa kusimamia wa yule mpigaji wa picha, unakoelekea kabla mguu wa pili haujagusa mpira. Kisha akagundua la zaidi, ambalo Limbu mwenyewe hakulijua: anayecheza nawe amekaa pembeni yako, bega kwa bega kwenye benchi. Ana kiwiko. Akitaka kupiga kulia kiwiko kinajibana, akitaka kushoto kinafunguka kidogo. Macho ya Ndaki yalikuwa kwenye TV, lakini ngozi ya mkono wake ilikuwa inasoma kiwiko cha jirani.

Pamba ilipaliliwa, ikachanua, ikavunwa. Kufikia mwezi wa saba hakuna kijana wa Somanda aliyemfunga zaidi ya mbili katika tano. Walianza kuja kumtazama. Wengine walisahau kumwita Ndama, wakamwita kipa. Wilhelmina alikuwa akileta chakula cha mchana anamkuta ndani ya pazia, anaweka bakuli juu ya sanduku la spana, anasimama mlangoni. Hakuelewa gemu, ila alimwelewa mumewe. Alisema anadaka kama zamani.

Na kuna jambo lililomsumbua Ndaki ambalo hakumwambia Limbu. Kukaa kila siku nyuma ya mpigaji, kumtazama kipa kwa macho ya mpigaji, kulimfanya ajione. Alimwona yule kipa mdogo amesimama kule, magoti yamekunjwa, anangoja, hajui. Alimwonea huruma. Halafu anakumbuka kwamba yeye siku ile alijua, na huruma inageuka aibu.

Nanenane Fredrick akaja. Alileta magunia ya mchele kwenye maonesho ya wakulima kule Nyakabindi, na msumari ukaingia kwenye gurudumu la pikipiki yake, na kama ungeniuliza mimi ningesema mkono wa mtu haukuwemo, ni mambo ya barabara tu. Alifika kwa Ndaki mchana kweupe akisukuma pikipiki, tumbo mbele.

"Mwadila, mtani," alisema. "Bado unafungwa?"

Ndaki akaitikia salamu, akaegemeza pikipiki, akasema hivi: penalti tano, kwa Limbu, sasa hivi. Akifungwa tatu, Fredrick amfunge kamba shingoni amtembeze viwanja vya Nyakabindi kama ndama, watu wapige picha. Akidaka tatu, Fredrick asimame mbele ya Method na wote watakaokuwepo, aseme mambo ya siku ile. "Useme yote," Ndaki alisema. "Bila utani hata chembe." Fredrick alimtazama, akaona mtani wake hacheki, akakubali kwa kumpa mkono.

Yote. Laiti angesema nusu. Angesema, useme tu kama ulinipa ng'ombe. Lakini mtu aliyebanwa miaka kumi na moja akipata mdomo hachagui maneno.

Habari ilipita Somanda upesi kuliko bodaboda. Method aliacha ofisi akaja na miwani yake. Kibanda kikajaa, waliokosa nafasi wakaning'inia dirishani. Wilhelmina alifika na bakuli, akapewa njia mpaka mlangoni kwa kuwa ni mke wa mwenye kesi.

Ya kwanza Fredrick alipiga juu, kona ya nyavu, ikaingia. Ya pili kiwiko kilijibana, Ndaki akaidaka. Ya tatu ikaingia, ya katikati, ya dharau, na watu wa dirishani wakaanza kuulizana kamba iko wapi. Ya nne aliidaka kwa ncha ya vidole. Ikabaki moja. Fredrick jasho lilikuwa linamtoka. Alishusha pedi mapajani, akainama, akamsogelea Ndaki sikioni, lakini safari hii kibanda kilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Kushoto kwako, mtani."

Ndaki hakutazama kiwiko wala mguu wa kusimamia. Kushoto kwa kipa, kulia kwa TV. Alisukuma kidole kulia, na yule kipa mdogo akalala kushoto kwake, na mpira ukaja ukamkuta mikononi.

Kelele zilizopigwa zilitoa vumbi kwenye mabati. Limbu alimkumbatia. Ndaki machozi yalimtoka mbele za watu na hakuyafuta, alikuwa anamtafuta Wilhelmina kwa macho, na Wilhelmina alikuwa anacheka na kanga mdomoni. Naomba mkumbuke hapo. Hiyo ndiyo furaha yote aliyoipata, na ilidumu kiasi cha mtu kuvaa viatu.

Fredrick akasimama. Mtu wa mila, alivua kofia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa ushahidi barazani, kwamba hakumpa Ndaki ng'ombe, wala ndama, wala soda. Yule ndama alikuwa ananyonya. Watu wa Somanda wamemsema mtu bure. Method akaitikia kwa kichwa. Angekaa hapo mambo yangeisha. Lakini alikuwa ameambiwa aseme yote, na mtani aliyeshindwa halipi nusu.

"Siku ile nilimwambia maneno haya haya," Fredrick alisema. "Nilimwambia, kushoto kwako, mtani. Na nikapiga kushoto kwake. Sikumdanganya. Yeye akaona ni utani, akaenda kulia."

Method alivua miwani, akamgeukia Ndaki, akamuuliza taratibu kama ni kweli aliambiwa upande.

"Alikuwa mtani," Ndaki alisema. "Mtani unamwamini vipi?"

Hakuna Msukuma asiyeijua kweli hiyo. Mtani wako akikwambia kuna nyoka unakaa palepale. Wote pale wangefanya hivyo hivyo, nami pia. Lakini mtu mmoja dirishani alikuwa ameshaanza kucheka, na cheko likaingia ndani. Kaambiwa, alisema yule mtu. Kumbe kaambiwa. Watoto wakalidaka jina hilo hapo hapo, la kuongezea juu ya Ndama. Na fikiri mwenyewe: kipa aliyehongwa angalau alipata ndama. Huyu alipewa upande bure, akaukataa. Walimdhani mwizi, sasa wamemwona mjinga, na mjinga anachekesha zaidi.

Method alimtoa nje, akamwambia jina lake limesafika kabisa na ataliandika kwenye kumbukumbu za timu. Ila kuhusu makipa, avute subira. Vijana wameshasikia. Watamsikilizaje? Alisema kwa huruma, na alikuwa na haraka ya kurudi ofisini.

Fredrick akaja kuchukua pikipiki. Pancha ilikuwa bado. Ndaki aliinama akaiziba mbele yake, akaijaza upepo, akaikagua kwa maji kama anavyofanya kwa mteja yeyote. Fredrick alimgonga begani, macho yamemlegea kwa wema, akasema, nimekusafisha, mtani. Alikuwa anaamini hivyo. Ndaki akasema ahsante, kwa sababu mtani hakasirikiwi.

Watu walipotawanyika, Wilhelmina alikuwa bado amesimama karibu na sanduku la spana. Bakuli lilikuwa mkononi, hakuliweka. Ndaki alifungua mdomo amweleze, aanzie golini, aanzie kwenye kile kicheko chao wawili, amwambie namna alivyoona aibu kumwambia miaka yote, hasa kila alipomsikia akimtetea kwa hoja ile. Mke wake hakumngoja. Aliliweka bakuli chini, kwenye vumbi, karibu na mguu wake.

"Kumbe ulijua, Ndaki," alisema, akaondoka na njia ya bombani.